Mtoto Akikamatwa, Nani Atathibitisha Umri Wake?

 

Ndugu wasomaji wetu wa Ijumaa, liko jambo ambalo wazazi wengi huliona kuwa ni la nyumba za watu wengine mpaka siku linapobisha hodi katika nyumba zao. Jambo hilo ni kukamatwa kwa mtoto. Siku hiyo baba hutafuta fedha, mama hulia, jirani hutoa ushauri wake, na kila mmoja huamini kwamba hatima ya mtoto imo mikononi mwa askari na hakimu. Wachache sana hukumbuka kwamba swali la kwanza linaloamua mwelekeo wa kesi yote ni swali ambalo jibu lake limo nyumbani: mtoto huyu ana umri gani?

Tangu mwaka 2009 nchi yetu ina Sheria ya Mtoto, Namba 21 ya mwaka huo, ambayo imebadilisha kwa kiasi kikubwa namna serikali inavyomshughulikia mtoto anayetuhumiwa kwa kosa la jinai. Sheria hiyo, katika kifungu cha 4, inasema kwamba mtu yeyote aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Katika kifungu cha 119 inasema kwamba mtoto hatahukumiwa kifungo. Haya ni maneno mazito, na mzazi anayeyasikia kwa mara ya kwanza hushusha pumzi. Lakini sheria humlinda yule inayemtambua kuwa ni mtoto. Asiyetambuliwa hupita katika mlango wa watu wazima, na humo ndani hakuna anayemuuliza kama amekwisha kumaliza darasa la saba.

Makala haya yanawahusu wazazi wote, lakini nimekusudia kuzungumza zaidi na wazazi wa Kintinku na vijiji vinavyoizunguka katika wilaya ya Manyoni, mkoani Singida. Sababu yake itaonekana mbele, inshaallah.

TULIKOTOKA

Kabla ya mwaka 2009, Tanzania Bara iliendelea kutumia sheria ya watoto na vijana iliyotungwa mwaka 1937, wakati wa utawala wa Waingereza. Sheria ile iliwagawa watoto katika mafungu mawili. Aliye chini ya miaka 12 aliitwa mtoto, na aliyefikisha miaka 12 lakini hajafikisha 16 aliitwa kijana. Mwenye miaka 16 au 17 hakuwa na fungu lolote katika sheria ile. Alihesabiwa pamoja na baba yake. Tena, hata yule aliyeitwa kijana aliweza kupelekwa gerezani iwapo mahakama iliona kwamba hakuna njia nyingine ya kumshughulikia.

Tukaishi na sheria hiyo kwa zaidi ya miaka 70. Katikati ya muda huo, nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto mwaka 1991, na baadaye, mwaka 2003, ikaridhia Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto. Jirani zetu walitutangulia katika kutunga sheria mpya: Uganda mwaka 1996 na Kenya mwaka 2001. Zanzibar nayo ilipitisha Sheria ya Mtoto yake mwaka 2011.

Sheria mpya ilipopatikana, kazi ya kuitekeleza ilibaki. Mwaka 2011, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ilikagua sehemu wanamoshikiliwa watoto nchini, ikakuta watoto wakiwa katika magereza ya watu wazima. Baada ya hapo serikali, kupitia Wizara ya Katiba na Sheria, iliandaa mkakati wa miaka mitano wa kurekebisha mfumo wa haki kwa mtoto, kuanzia 2013 hadi 2017. Jeshi la Polisi lilianzisha Madawati ya Jinsia na Watoto katika vituo vyake. Mwaka 2016 zikatoka Kanuni za Mahakama ya Watoto, na mwaka 2017 Bunge likapitisha Sheria ya Msaada wa Kisheria, inayowatambua pia wasaidizi wa kisheria wanaofanya kazi katika jamii.

Tumeyataja haya ili msomaji aone kwamba mageuzi haya yamejengwa hatua kwa hatua, na kwamba kila hatua inamtaka mzazi awepo.

MAHAKAMA YA WATOTO INAVYOFANYA KAZI

Kifungu cha 97 cha Sheria ya Mtoto ndicho kilichoanzisha Mahakama ya Watoto. Mzazi asifikiri kwamba ni lazima aone jengo jipya lenye kibao hicho. Sheria inampa Jaji Mkuu uwezo wa kulitangaza jengo linalotumiwa na Mahakama ya Mwanzo liwe Mahakama ya Watoto, na hakimu mkazi ndiye anayepangiwa kusikiliza. Ziko sehemu zilizopata majengo yake maalumu, kama Kisutu jijini Dar es Salaam.

Katika mahakama hiyo kesi husikilizwa faraghani. Umati wa watu hauruhusiwi kuingia kumkodolea mtoto macho. Taratibu zimelegezwa ili mtoto aelewe kinachosemwa. Afisa Ustawi wa Jamii huwepo. Mtoto ana haki ya kuwakilishwa na wakili, na ana haki ya kuwa na mzazi au ndugu wa karibu. Kabla ya kutoa amri ya mwisho, mahakama huhitaji taarifa ya Afisa Ustawi wa Jamii kuhusu maisha ya mtoto: anaishi na nani, anasoma wapi, nini kimempeleka katika kosa, na nani yuko tayari kumsimamia.

Mtoto akipatikana na hatia, ziko njia kadhaa. Anaweza kuachiwa kwa masharti. Anaweza kuwekwa chini ya uangalizi. Mzazi anaweza kuamriwa kulipa faini, fidia au gharama. Na pale inapolazimu, mtoto anaweza kupelekwa shule ya maadilisho, ambayo kwa miaka mingi imekuwa moja tu nchini, iliyopo Irambo mkoani Mbeya.

Vilevile sheria imeweka umri ambao chini yake hakuna kosa la jinai kabisa. Kwa mujibu wa Kanuni ya Adhabu, mtoto aliye chini ya miaka 10 hawajibiki kwa jinai. Aliye na miaka 10 lakini hajafika 12 hawajibiki mpaka ithibitishwe kwamba alikuwa na uwezo wa kujua kuwa alilolifanya halikufaa. Wako wanaosema kwamba umri huu bado ni mdogo. Kenya iliupandisha kutoka miaka 8 hadi 12 kwa sheria yake ya mwaka 2022, na kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za mtoto ilizishauri nchi, mwaka 2019, zifike angalau miaka 14. Mjadala huo unafaa kuendelea hapa kwetu.

JE, MIAKA 18 INA TATIZO KWA MUISLAMU?

Yuko mzee atakayeuliza, na swali lake ni la haki: sheikh, sisi tunafundishwa kwamba kijana akibaleghe amekuwa mukallaf, swala na funga ni wajibu juu yake. Iweje mwenye miaka 16 au 17 aitwe mtoto mahakamani?

Jibu linahitaji utulivu. Msingi wa kwanza, ambao wanazuoni wote wamekubaliana juu yake, ni kwamba mtoto ambaye hajabaleghe haandikiwi dhambi na hasimamishiwi adhabu ya mtu mzima. Mafundisho ya Mtume wetu (S.A.W.) yamemweka mtoto pamoja na aliyelala na aliyepoteza akili, watu watatu ambao kalamu ya hesabu haiwaandikii. Kwa hiyo wazo la kumtenga mtoto na mtu mzima katika hukumu halikuja na meli kutoka Ulaya. Lilikuwa likisomwa katika madrasa zetu kabla ya sheria ya 1937 kuandikwa.

Msingi wa pili ni kwamba wanazuoni walitafautiana kuhusu umri wa yule ambaye alama za kubaleghe hazijamtokea. Imetufikia habari ya Abdullah bin Umar (R.A.), aliyejitokeza kwa ajili ya vita vya Uhud akiwa na miaka 14, Mtume (S.A.W.) hakumruhusu, alipojitokeza kwa ajili ya vita vya Khandaq akiwa na miaka 15, aliruhusiwa. Khalifa Umar bin Abdul-Aziz aliposimuliwa habari hiyo aliifanya kuwa mpaka kati ya mdogo na mkubwa, akawaandikia magavana wake. Huo ndio umri unaofuatwa na Mashafii, ambao ndio wengi katika nchi yetu. Lakini Imamu Abu Hanifa, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliuweka umri wa mvulana kuwa miaka 18 na wa msichana miaka 17. Basi mwenye kudhani kwamba namba 18 ni ngeni katika vitabu vya fiqhi na akavisome tena.

Msingi wa tatu ndio wenye uzito zaidi. Kubaleghe na kuongoka kiakili ni mambo mawili. Katika Suratun Nisaa, aya ya 6, walezi wa mayatima wanaagizwa wasiwakabidhi mali zao kwa sababu tu wamefikia umri wa kuoa. Wawapime kwanza, na wakiwaona wana busara ndipo wawakabidhi. Ikiwa kijana aliyebaleghe anaweza kunyimwa ng'ombe wake mwenyewe kwa kuwa busara haijakomaa, hakuna ajabu mtawala akisema kwamba kijana huyo huyo asifungwe pamoja na wezi wazoefu. Adhabu za taazir zimeachiwa busara ya kiongozi na kadhi, na kuziwekea mpaka wa umri ni katika busara hiyo.

Hilo halimtoi kijana wa miaka 16 katika wajibu wake mbele ya Mola wake. Swala aliyoiacha ataulizwa. Mbuzi aliyemwiba ni haki ya mtu, na haki ya mtu haifutwi na umri. Wanazuoni wetu wanasema kwamba hata mtoto mdogo akiharibu mali ya mwenziwe, fidia hulipwa kutoka katika mali yake, na walii wake ndiye anayeitoa. Tukumbuke haya tunapozungumza juu ya huruma, kwa kuwa aliyeibiwa naye ni mja wa Mwenyezi Mungu na ana watoto wanaosubiri chakula.

KINTINKU NA SWALI LA UMRI

Sasa tufike Kintinku. Walioizoea wanajua ilivyo: iko katika bonde la ufa, chini ya mteremko wa Saranda, reli ya kati inapita na barabara kuu ya kutoka Dodoma kwenda Manyoni na Singida inapita. Watu wanalima mpunga na mtama, wanafuga, na wengine wanafanya biashara ndogondogo kwa wasafiri. Ni mahali penye shughuli nyingi, na vijana wadogo wamo katika kila shughuli.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kijana wa miaka 15 anatuhumiwa kuiba mbuzi siku ya mnada. Kazi ya jembe na ya kubeba magunia ya mpunga imempanua mabega, na sauti yake imekwisha kuvunjika. Wananchi wenye hasira wanamzingira. Akiwa na bahati, mtu mwenye hofu ya Mungu anaingilia kati kabla mawe hayajaokotwa, anapelekwa ofisi ya mtendaji na kisha kituo cha polisi. Pale anaulizwa umri. Kwa woga, au kwa kuwa hajui, au kwa kuwa rafiki yake alimwambia kwamba wakubwa hupata dhamana haraka, anajibu: "Kumi na minane."

Neno hilo moja linaandikwa. Linaingia katika maelezo yake, kisha katika hati ya mashtaka. Afisa Ustawi wa Jamii haitwi, kwa sababu hati inasema mshitakiwa ni mtu mzima. Mlango wa mahakama unakuwa wazi kwa kila mpita njia. Dhamana ikikosa wadhamini, anapelekwa mahabusu ya gereza. Hakuna aliyevunja sheria kwa makusudi katika safari hiyo yote; kila mmoja alifuata kilichoandikwa na mwenziwe.

Kweli ni kwamba sheria inamtaka hakimu, anapoona aliye mbele yake huenda ni mtoto, afanye uchunguzi wa umri wake. Lakini hakimu atachunguza nini ikiwa mzazi hakufika, na akifika anasema mtoto alizaliwa msimu ule mto ulipofurika?

Hapa ndipo tulipo dhaifu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 ulionesha kwamba kati ya kila watoto 100 waliokuwa chini ya miaka mitano, waliosajiliwa kuzaliwa kwao walikuwa 16 tu. Watoto wale ndio vijana wetu wa leo. Mpango wa serikali wa kuwasajili bila malipo watoto walio chini ya miaka mitano, katika vituo vya afya na ofisi za kata, ulianza mkoani Mbeya mwaka 2013 na kuenea mikoa mingine baadaye. Ni mpango mwema sana, lakini wengi wa walio katika umri wa hatari hivi sasa walizaliwa kabla haujawafikia. Ndiyo kusema kizazi ambacho sheria imekikusudia kukilinda ndicho chenye karatasi chache zaidi za kuthibitisha kwamba kinastahiki kulindwa.

Na msidhani kwamba tofauti ni ya mbuzi peke yake. Katika kesi ya mauaji, ambayo husikilizwa Mahakama Kuu, mtu mzima akitiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia adhabu iliyowekwa ni kifo. Aliyekuwa chini ya miaka 18 alipotenda kosa hahukumiwi kifo. Hushikiliwa kwa amri ya Rais. Katika kosa la kubaka, mtu mzima hukabiliwa na kifungo kisichopungua miaka 30, na sheria imemwekea mvulana wa miaka 18 au pungufu utaratibu tofauti. Kwa hiyo mwaka mmoja wa umri, uliotajwa vibaya na kijana mwenye hofu, unaweza kuwa na uzito wa miaka 30 au wa roho yake.

UMBALI NAO NI MTIHANI

Mtoto anayenyimwa dhamana au kukosa wadhamini hapaswi kuwekwa na watu wazima. Sheria inaelekeza apelekwe katika makao ya mahabusu ya watoto. Lakini makao hayo kwa miaka mingi yalikuwa katika miji mitano tu: Dar es Salaam, Tanga, Moshi, Arusha na Mbeya. Singida haikuwamo, wala Dodoma. Mzazi wa Kintinku aone mwenyewe maana yake: mtoto ama asafirishwe mamia ya kilomita kutoka kwa mama yake, ama abaki karibu mahali ambapo sheria haipendi abaki. Njia iliyo bora kuliko zote mbili ni dhamana, na dhamana inategemea mtu mzima mwenye makazi yanayojulikana anayesimama na kusema, mtoto huyu ni wangu, nitamleta siku mtakayomtaka.

Vilevile iko njia ya kurekebisha tabia mtoto akiwa nyumbani kwao. Kuanzia mwaka 2012 ulijaribiwa mpango wa aina hiyo Temeke jijini Dar es Salaam, kisha Mbeya, ambapo watoto waliokosea walisimamiwa na kushauriwa ndani ya jamii, wakirudi shule au wakijifunza kazi. Uzuri wa njia hii hauhitaji maelezo marefu kwa watu wa vijijini. Wazee wetu walijua kwamba samaki mkunje angali mbichi, na walijua kwamba anayemkunja ni yule anayeishi naye. Serikali inapaswa kuendelea kuufikisha utaratibu huu katika wilaya za pembezoni, pamoja na kuongeza maafisa ustawi wa jamii, kwa sababu afisa mmoja hawezi kuwa Kintinku, Kilimatinde na Manyoni mjini kwa siku moja.

WAJIBU WETU

Ndugu zangu, tusingoje kila kitu kutoka Dodoma. Yako mambo ambayo familia na msikiti vinaweza kuyafanya kuanzia wiki hii.

Kwanza, kila mzazi atafute karatasi za watoto wake. Mwenye mtoto chini ya miaka mitano amsajili sasa, wakati hakuna malipo. Mwenye mtoto mkubwa asiye na cheti aende ofisi ya msajili wa wilaya, achukue na kadi ya kliniki, nyaraka za shule na barua ya mtendaji, aulize utaratibu wa usajili uliochelewa. Kadi ya kliniki isitumike kufungia viungo. Ihifadhiwe pamoja na hati ya shamba, kwa sababu siku moja inaweza kuwa na thamani kuliko shamba lenyewe.

Pili, madrasa zetu ziwe na rejista. Mtoto anapoletwa kuanza alifu, ustadhi aandike jina lake, jina la baba na mama, na tarehe ya kuzaliwa kama inavyojulikana siku hiyo. Anapofanyiwa akika siku ya saba, imamu aandike tarehe katika daftari la msikiti. Daftari hilo halichukui nafasi ya cheti cha serikali, lakini ni ushahidi ulioandikwa zamani, kabla ya kesi, na mtu asiye na maslahi. Mahakama ya Rufani imeeleza mara kadhaa, katika kesi ambapo umri wa mtoto aliyetendewa kosa ulibishaniwa, kwamba umri unaweza kuthibitishwa na mhusika mwenyewe, mzazi, ndugu, daktari, au cheti cha kuzaliwa kinapokuwapo. Kwa hiyo mzazi asiye na cheti asikate tamaa akabaki nyumbani. Afike, aape na aseme anachokijua.

Tatu, watoto wafundishwe umri wao na wafundishwe kuutaja kwa ukweli. Asiwepo wa kumwambia kijana ajipunguzie miaka ili aokoke, wala wa kumshauri ajiongezee ili atoke haraka. Ushahidi wa uongo ni katika madhambi makubwa, na anayedanganya juu ya umri leo ataharibu imani ya mahakama kwa mtoto mkweli wa kesho.

Nne, habari ya kukamatwa ikifika, baba asikae barazani kwa hasira akisema, acha afunzwe na serikali. Aende kituoni siku ileile. Aombe kuonana na askari wa Dawati la Jinsia na Watoto, ataje umri wa mtoto, aulize kama Afisa Ustawi wa Jamii amearifiwa, na amtafute msaidizi wa kisheria aliye karibu. Hasira yake na iwe ya baadaye, nyumbani, kwa maneno ya mzazi. Luqman alimwita mwanawe kwa upole alipomuusia, na usia wake ukawekwa katika Qur'ani usomwe mpaka siku ya mwisho.

Tano, tumkumbuke aliyekosewa. Familia ya mtoto iende kwa mwenye mbuzi, imuombe radhi na itafute njia ya kumrudishia haki yake. Hili halizuii kesi kuendelea pale sheria inapotaka iendelee, lakini linatuliza mioyo, na jirani aliyetulizwa hataokota jiwe mara nyingine.

Na wale ambao si wazazi wa mtuhumiwa wana wajibu wao pia. Mwenye kumwona mtoto anapigwa na kundi la watu mnadani au stendi, na ana uwezo wa kusema neno, basi aseme. Mtoto aliyeuawa kwa ajili ya simu au kuku hawezi tena kufikishwa katika mahakama yoyote ya duniani, na sheria ya 2009 pamoja na kanuni zake zote haitamfaa kitu.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awalinde watoto wetu na maovu, awape viongozi wetu uwezo wa kukamilisha mageuzi haya mpaka yafike vijijini, na atupe sisi wazazi moyo wa kusimama na watoto wetu siku wanapotuhitaji. Amin.

Wabillahi tawfiq.